UZI: Neno "amargi" mnaloambiwa ni "uhuru" lilikuwa neno la msamaha wa madeni, na Kiswahili tunayo ya kwetu

Binti Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni. Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu atarudi jioni akitulia.

Kuna neno nakutana nalo sana mitandaoni, watu wanalichapa kwenye fulana na wengine mpaka tatuu, yale maandishi ya kale yenye alama kama misumari, halafu chini yake pameandikwa "neno la kwanza la uhuru kuandikwa na binadamu". Neno lenyewe ni amargi, wengine wanaandika amagi. Kuna taasisi ya Marekani inaitwa Liberty Fund imelifanya nembo yake kabisa. Mimi sina ugomvi na nembo ya mtu ila hiyo tafsiri ya "uhuru" peke yake imeacha nje sehemu kubwa ya neno, tena ndo sehemu yenye utamu.

Neno ni la Kisumeri, watu waliokaa kusini mwa Iraki ya leo. Lina vipande. Ama ni mama. Ndiyo, mama mzazi, na ile alama yake inachorwa kama sanduku lenye nyota ndani. Hiyo r ya katikati inafanya kazi kama "kwa" yetu, na gi ni kurudi. Ukiunga unapata "kurudi kwa mama".

Sasa kwa nini deni likifutwa useme mtu amerudi kwa mama? Mkulima amekosa mbegu au chakula, anakopa shayiri. Riba ya shayiri enzi zile, hasa wakati wa Babeli tunaoujua vizuri, ilikuwa theluthi moja, fedha ilikuwa moja ya tano. Yaani umekopa magunia matatu unarudisha manne. Maji yakigoma au mto ukifurika hulipi, deni linazaa, mwisho unampeleka mtoto au mke akafanye kazi nyumbani kwa mdai mpaka deni liishe, nalo haliishi. Ndipo mfalme anatangaza amargi. Deni linakufa na yule mtoto anarudi nyumbani.

Na hii si stori ya kubuni ya mtandaoni. Mfalme Enmetena wa Lagash, mji wa hao Wasumeri, kama mwaka 2400 KK hivi, aliandikisha kwamba ameiwekea Lagash amargi, amemrudisha mtoto kwa mama na mama kwa mtoto, na ameweka amargi kwenye shayiri ya mkopo wenye riba. Soma tena hapo polepole. Neno na tendo viko mstari mmoja, hahitajiki mtu wa kutufafanulia.

Baada yake akaja Urukagina, naye wa Lagash, kama 2350 KK, akawatoa vifungoni watu waliofungwa kwa madeni na akamwahidi mungu wa mji wake, Ningirsu, kwamba mjane na yatima hatawaacha mikononi mwa wenye nguvu. Maandishi yake yalichimbuliwa na Wafaransa pale Tello, kusini mwa Iraki.

Kwa hiyo swali langu kwenu: sisi kwa Kiswahili neno hili tunaliitaje? Si "uhuru", hilo limeshabeba bendera na wimbo wa taifa. Nataka lile neno ambalo mtu wa deni akilisikia anajua anarudi kwake.

Kijana wa Kayole

Hii imenigusa kwa sababu beshte yangu ako na hiyo tatuu kwa mkono, alichora akiwa chuo na akaambiwa maana ni kila mtu aachwe afanye vile anataka na serikali isimsumbue. Sasa nimwambie aje? Ni ya uongo?

Binti Korogwe

Mwambie si ya uongo ndugu yangu, mwambie tu ana zaidi ya alichodhani. Neno baadaye lilipanuka kweli, likatumika mtumwa akiachwa huru na watu wakisamehewa kodi na kazi za lazima, na wapo wataalamu wanaosema kwa matumizi ya kila siku lilishakuwa "kurudi hali ya mwanzo" tu bila mtu kumfikiria mama, kama sisi tunavyosema "shikamoo" bila kuwaza kushika miguu ya mtu. Hapo sina ubishi.

Ninachobishia ni kile cha serikali isimsumbue. Amargi ilikuwa inatoka kwa serikali, mfalme ndo alikuwa anamwingilia mwenye mali na kumwambia achia. Ukilitumia kumaanisha kinyume chake unakuwa umeligeuza neno uso kwa kisogo.

Nyuki Mkali

Mama msiwapambe hao wafalme. Huruma gani, mfalme alikuwa anataka askari na watu wa kumlimia. Raia wote wakiishia kuwa vijakazi wa matajiri nani ataenda vitani, nani atachimba mifereji? Ni siasa tupu hiyo.

Binti Korogwe

Nyuki upo sahihi kwa sehemu kubwa na sioni kama hilo linaharibu kitu. Mfalme mpya akikalia kiti anataka watu wamshangilie. Hammurabi, mfalme wa Babeli, ametawala 1792 mpaka 1750 KK, na mwaka wake wa pili umepewa jina la mwaka aliosimamisha haki katika nchi. Hapo tayari tumehama kutoka Kisumeri kwenda Kiakadi, na maneno yao ni mawili, misharum, yaani ile amri yenyewe ya kunyoosha mambo, na andurarum ambalo ndo lililotumika kutafsiri amargi, kurudi au kwenda bila kizuizi.

Amri iliyobaki ikiwa nzima zaidi ni ya Ammi-saduqa, huyu alikuwa mtoto wa kitukuu cha Hammurabi, na inahesabiwa ni ya mwaka 1646 KK. Ukiisoma unaona watu waliokuwa wanajua mambo ya mtaani kabisa. Mikopo ya shayiri na fedha ya mtu wa shida inafutwa, ila hela ya ubia wa biashara haifutwi, mliochanga mtaji mkasafiri mkanunua bidhaa mtalipana wenyewe. Mdai akiandika mkopo kwa hila uonekane ni mauziano ili ukwepe amri, mashahidi wanaitwa na kibao, yaani kile cha udongo kilichoandikwa deni, kinavunjwa. Mdai aliyekwenda kukamata mali kwa nguvu arudishe.

Na kuna sehemu naipenda mno, ya mama muuza pombe. Kulikuwa na wanawake wenye vilabu, wanakopesha pombe na shayiri kwa wateja, na wao wenyewe wanadaiwa na ikulu. Amri inasema ikulu haitamdai malimbikizo yake, na yeye asiwadai wateja alichowakopesha. Msamaha umeshuka ngazi kwa ngazi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kilabuni kwa mama yake anaijua ile chaki ukutani, sasa fikiria siku moja inafutwa yote na mama hajapata hasara kwa sababu na ya kwake huko juu imefutwa.

Ila nikuunge mkono Nyuki kwenye jambo zito zaidi hata kuliko hilo lako la siasa. Amri hiyohiyo inasema raia wa miji iliyotajwa humo aliyejiuza au kumuuza mkewe au watoto kwa sababu ya deni anaachiliwa, lakini mtumwa aliyezaliwa utumwani haimhusu. Yeye hana nyumba ya kurudi, kwa hiyo andurarum haimpati. Ndiyo maana nasema tafsiri ya uhuru kwa wote haisimami. Neno lilikuwa la kumrudisha aliyekuwa na pake.

Mstaafu wa Tabora

Binti, marahaba. Nimefundisha historia miaka thelathini na ushee na hili la vilabu sijawahi kulisikia. Naomba swali moja. Watu walijuaje kuwa amri imetoka? Hakuna redio.

Binti Korogwe

Mzee wangu shikamoo tena. Kuna barua ya kibao kutoka Sippar, mji wa hukohuko Babeli, mtu analalamika kwa bwana wake, na anaanza kwa kumkumbusha "ulipoinua juu mwenge wa dhahabu kwa ajili ya Sippar". Yaani ishara ilikuwa ni mwenge. Baada ya hapo vibao vya madeni vinakusanywa, vinasomwa, vinavyoangukia kwenye amri vinavunjwa. Kwao kufuta deni ni kuvunja kibao, kusema "nimevunja kibao chako" inatosha.

Niliposoma habari ya mwenge nilikaa kimya kwanza, maana nimekua nikikimbilia barabarani kuuona Mwenge wa Uhuru ukipita.

Hammurabi naye ana sheria, ya 48, mtu ana deni na mafuriko yamechukua shamba lake au maji yamekosekana shayiri haikuota, mwaka huo halipi shayiri kwa mdai na riba ya mwaka huo haitozwi, halafu inasema "ataloweka kibao chake". Kibao ni udongo, ukikilowesha unaweza kuandika upya masharti.

Mpemba wa Mkoani

Hapo kwenye kulowesha umenirudisha mbali dada. Babu yangu alikuwa na duka dogo, mafuta ya taa, sukari, chumvi, sabuni ya mche. Daftari la mikopo lilikuwa kaunta buku lenye jalada jekundu, kila mtu ana ukurasa wake, wasiojua kusoma aliwachorea alama, mvuvi mmoja alichorewa ndoana. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho alituita wajukuu, tukaleta beseni la maji pale uani, akasema lizamisheni. Tukaliacha mpaka asubuhi. Kesho yake karatasi zimekuwa kama uji, bibi akazifinyanga mabonge akazianika juu ya paa akaja kuwashia moto. Baba alinung'unika sana maana karafuu mwaka ule zilitoka vizuri na watu wangelipa. Babu akamwambia mimi sitaki kwenda kuulizwa kwa sukari ya watu.

Sikujua kama kuna sheria ya kale ya kulowesha deni. Naandika hapa nikiwa na uchungu na furaha pamoja.

Binti Korogwe

Mpemba, Mungu amrehemu babu. Hiyo ndoana sitaisahau.

Bin Mvita

Amin. Kwetu hili jambo liko kwenye dini waziwazi. Aya ya 280 ya Suratul Baqara, mdaiwa akiwa na dhiki basi apewe muda mpaka apate wasaa, na mkimwachilia ikawa sadaka ni bora kwenu. Na wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya kupewa zaka. Kwa hiyo huyo babu hakufanya jambo geni, ametekeleza aya.

Na mkienda mazikoni Mombasa, Lamu, Tanga, kote pwani, kabla maiti haijazikwa anasimama mtu wa familia anasema, jamani kama kuna aliyekuwa anamdai marehemu aje kwa wafiwa, au amsamehe. Nimeshasikia mtu akiitika palepale kwa sauti, "nimemwachia". Neno hilohilo. Si "nimefuta". Kufuta ni mambo ya benki. Mwenye deni lake anasema nimemwachia, nimemsamehe, nimemhalalishia.

Kwa swali lako la mwanzo basi mimi jibu langu ni hilo, kuachia.

Mama Ushindi

Bwana asifiwe wapendwa. Bin Mvita umenitoa neno mdomoni, maana na sisi kwenye Biblia ya Union liko, Kumbukumbu la Torati 15, "Kila mwisho wa miaka saba, fanya maachilio". Maachilio! Nimelisoma miaka yote nikidhani ni msamaha wa dhambi. Kumbe ni deni la hela kabisa, mstari unaofuata unasema kila mwenye kuwia aachilie alichomkopesha mwenziwe. Hilo "kuwia" ndo nini lakini? Niliwahi kumuuliza mwinjilisti wetu akasema ni Kiswahili cha kale tu.

Binti Korogwe

Mama Ushindi umefungua mlango ambao nilikuwa nauzungukia tangu mwanzo.

Kuwia ni kudai. Mwenye kuwia ni mdai. Ukiwa unadaiwa unawiwa. Warumi 13:8 inasema "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana", maana yake msidaiwe. Na Paulo kwenye Warumi 1:14 anasema "Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani", yaani nina deni kwao. Sasa jiulize ile ya makanisani kila Jumapili, mtu anasimama "wapendwa nimewiwa kutoa ushuhuda". Anasema nina deni la kutoa ushuhuda, liko shingoni, lazima nilitue. Tumelibeba neno la deni mdomoni kila wiki na wengi hatujui limetoka kwa wakopeshaji.

Maachilio limetoka kwa acha, achia, achilia. Ukiacha kitu umekiacha tu, ukimwachia mtu kuna mtu anafaidika, ukiachilia kuna mkono uliokuwa umekaza umefunguka. Na Kiebrania chake, shemita, limetoka kwenye kitenzi cha kudondosha, kuachia kitu kianguke kutoka mkononi. Waliotafsiri walilipatia sana hapo.

Kisha kuna Mambo ya Walawi 25, mwaka wa hamsini, mwaka wa yubile. Pale Kiebrania wanasema deror, nalo ni ndugu wa damu na andurarum ya Babeli, ni neno la familia moja. Na yubile asili yake ni yobel, kondoo dume na ile pembe yake inayopulizwa kutangaza mwaka. Limepita Kigiriki, likapita Kilatini ambako lilichanganyikana na kitenzi cha kupiga kelele za furaha, ndo maana leo jubilei kwetu ni keki na sare za kitenge na miaka 25 ya ndoa. Pembe imesahaulika na deni limesahaulika. Lakini angalieni Biblia ya Kiswahili inasemaje hapo, inasema mtapiga "mbiu" ya kuachwa huru. Mbiu ni nini? Ni pembe! Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ile ni pembe ya mnyama inayopigwa kuita watu. Kwa hiyo Kiswahili kimeirudisha pembe mahali pake wakati lugha nyingine zimeipoteza. Mimi hili nililiona usiku saa saba nikataka kumwamsha mtu nimwambie.

Halafu mstari huohuo unaendelea, kila mtu atarejea kwenye milki yake na kila mtu atarejea kwa jamaa yake. Kurejea kwa jamaa. Kurudi kwa mama. Kati ya Enmetena na hapo kuna karne nyingi, na wazo halijabadilika hata kidogo.

Kijana wa Kayole

Wueh. Na Kenya hilo jina tumelipigia kura, chama cha Jubilee, na hakuna mtu aliwahi kutuambia ni deni.

Afisa Mikopo

Naomba nitoe upande wa pili, nafanya kazi ya kukopesha miaka kumi sasa. Mkitangaza kwamba deni litafutwa mwaka fulani nani atakopesha mwaka wa nyuma yake? Mtu mwenye shida ndo ataumia wa kwanza, ataenda kuomba ataambiwa hamna hela.

Binti Korogwe

Hoja ya kweli kabisa na hata wao waliiona. Hiyohiyo Kumbukumbu la Torati 15 inaonya, angalia usije ukasema moyoni mwaka wa saba uko karibu ukamnyima ndugu yako maskini. Na ilipofika enzi za Hilleli, mwalimu wa sheria wa Kiyahudi, karne ya kwanza KK, wenye hela walikuwa wameacha kukopesha kweli, akaweka utaratibu unaitwa prozbul, mdai anakabidhi deni lake kwa mahakama na likiwa la mahakama mwaka wa saba haulifuti. Aliokoa mikopo ila maachilio yakabaki kwenye maandiko.

Wagiriki nao, Solon wa Athene mwaka 594 KK, alifuta madeni na kupiga marufuku mtu kukopa kwa kuweka rehani mwili wake. Waliita seisachtheia, kukung'uta mzigo. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Solon aliwadokezea marafiki zake watatu kabla ya tangazo, wakakimbia kukopa hela nyingi wakanunua mashamba, amri ikatoka, madeni yamefutwa na mashamba wanayo. Watu wakamshuku Solon mpaka ilipojulikana yeye mwenyewe alikuwa anadai talanta 5 akaziachia wa kwanza.

Lakini angalia wafalme wa Babeli walivyolikwepa tatizo lako. Hawakutaja tarehe. Hukujua mwenge utainuliwa lini, basi ukawa unakopesha ila kwa tahadhari, unamwangalia mtu uwezo wake wa kulipa. Na mkopo wa biashara haukuguswa, kumbuka. Kilichoguswa ni ule wa njaa. Wewe kwenye kazi yako si unaijua tofauti ya mama aliyekopa kuongeza bidhaa na mama aliyekopa kumzika mume?

Afisa Mikopo

Naijua. Na fomu zetu haziijui, zote zinajazwa "biashara".

Nyuki Mkali

Hapo ndo penyewe. Kausha damu, ile mikopo ya riba kali, zote zinaandikwa biashara.

Mstaafu wa Tabora

Niongezee kidogo upande wa nchi. Yale madeni ya mataifa ya miaka ya tisini, kampeni iliitwa kwa jina hilohilo la yubile na mwaka 2000, makanisa yalikuwa mbele. Uganda ilifika mwisho wa mpango ule wa nchi maskini zenye madeni makubwa mwaka 2000, Tanzania Novemba 2001, na ada ya shule ya msingi tuliifuta mwaka huohuo wa 2001. Nilikuwa darasani. Januari iliyofuata watoto walikuja mpaka tukakosa pa kuwakalisha, wengine wana umri wa miaka kumi na mbili wanaanza la kwanza. Hao nao walikuwa wamerudishwa mahali.

Bin Mvita

Na historia yetu wenyewe msiisahau, mtoto kuwekwa rehani si mambo ya Iraki peke yake. Njaa ya 1884 huku nyuma ya Mombasa Wamijikenda waliwaweka watoto rehani kwa watu wa mjini wapate nafaka, na wengine hawakukombolewa tena. Na hilo "kukomboa" mwalitazame pia. Unakomboa shamba lililo rehani, unakomboa saa uliyoweka poni, na unakomboa nchi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 mpaka 1994, na neno lake ni la mtu anayetoa kitu chake kwa mdai. Tofauti yake na kuachilia ni kwamba kukomboa unalipa.

Binti Korogwe

Bin Mvita hapo umemaliza. Kukomboa mdaiwa analipa, kuachilia mdai anafungua mkono. Amargi iko upande wa kuachilia.

Pita Njia

Samahani lakini sioni faida ya yote haya. Neno la watu waliokufa miaka elfu nne iliyopita linamsaidia nini mtu anayedaiwa leo? Mwanzisha uzi una maslahi gani na hili?

Binti Korogwe

Nitakujibu na sitazunguka.

Nilikuwa na miaka kumi. Mvua zilikataa, baba akachukua mahindi kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa njiani, jina lake sitalitaja, tukala, akashindwa kurudisha. Nikapelekwa mimi. Niliambiwa naenda kusalimia. Nililala jikoni kwenye magunia, kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kumbeba mtoto wao mgongoni, na alfajiri kuzungusha maandazi kwenye ndoo ya plastiki yenye kitambaa cheupe juu. Darasa la nne nililiacha nusu. Hakuna aliyenipiga, niseme ukweli, ila kila nikivunja kikombe ilisemwa kinaongezwa kwenye lile la baba yako. Nilikaa hivyo misimu miwili ya mvua.

Siku moja nikiwa karoni namsikia mama getini. Nilijua ni yeye kwa kikohozi kabla hajabisha hodi. Alikuwa ametembea toka kijijini, kanga imejaa vumbi mpaka magotini. Akasema vaa viatu. Sikuwa na viatu. Tukaenda hivyohivyo.

Miaka mingi baadaye nikiwa na kazi yangu na simu yangu nikasoma mahali kwamba kuna lugha ambayo kuondolewa deni waliita kurudi kwa mama. Nilifunga simu nikatoka nje. Hayo ndo maslahi yangu Pita Njia.

Pita Njia

Dada naomba uniwie radhi. Sikujua.

Mama Ushindi

Nimelia. Pole sana mwanangu. Naomba kuuliza kama si vibaya, lile deni nani alilipa? Au mama alikomboa?

Binti Korogwe

Sijawahi kumuuliza. Siku zote nilidhani aliuza mbuzi. Ngoja nimpigie.

Binti Korogwe

Wakuu nimerudi. Nimeongea na mama zaidi ya saa nzima, salio limekata mara mbili.

Hakuna mbuzi aliyeuzwa. Anasema baba alishakufa mwezi wa tatu nyuma yake na mimi sikuambiwa, na yeye alikuja kunichukua akiwa mikono mitupu, amejipanga kugombana. Aliyemfungulia geti ni mke wa yule mfanyabiashara, wanajuana kwa sura tu. Mama akaanza kujieleza, yule mama akamkatisha. Nimemuomba mama anitamkie maneno yenyewe kama yalivyosemwa, akasema, "Aliniambia mchukue mwanao, yale magunia mawili yaliyobaki nimeyaachilia, ukiulizwa na mume wangu sema ni mimi."